Re: Flekisi za oti kwenye stauti, nizichemshe kwanza? (jibu refu kidogo, vumilia)

Mkuu, kwa nilivyoelewa una kimea cheupe kilo 4, shayiri iliyokaangwa nusu kilo, na flekisi za oti (oti zilizobonyezwa bapa) kilo 2 ambazo unataka kuzimwaga zote kwenye stauti (bia nyeusi) ya lita 20 ili iwe nzito na tamu, na unauliza kama zinachemshwa kwanza. Kwa kifupi usizichemshe, na usizimwage zote. Ila ngoja nieleze kwanini, maana hayo makosa mi nimeyafanya yote, moja baada ya jingine, na bia nimemwaga kweli.

Nilipoanza nilikuwa napika kwa shira ya kimea, ile unayokoroga tu kwenye maji. Nikasikia oti inalainisha bia, basi nikafunga flekisi kwenye kitambaa nikaziloweka kwenye maji ya moto nusu saa kama majani ya chai, nikaona maji yamekuwa meupe kama maziwa nikafurahi nikajua hapo ndo penyewe. Kumbe ule weupe ulikuwa wanga mtupu. Hamira ya bia haili wanga, inakula sukari, sasa ule wanga ukabaki humo humo, bia ikatoka na ukungu na ladha ya unga mbichi, na baada ya wiki kadhaa ikaanza kuchacha vibaya kwa sababu kuna vijidudu vingine vinavyoupenda huo wanga hata kama hamira yako haiutaki.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia wakati ule ni hiki: flekisi haina vimeng'enya. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, na ule uotaji ndio unaoiandaa na vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Flekisi ni nafaka ambayo haikuoteshwa, imepigwa mvuke ikabonyezwa bapa na roli za moto. Ule mvuke umeshaufungua wanga, ndo maana huhitaji kuchemsha tena, lakini wa kuukatakata hayupo, lazima akopwe kwenye kimea. Kwa iyo flekisi zinaingia kwenye mashi (ule mchanganyiko wa kimea na maji ya moto) pamoja na kimea, nyuzi 65 hadi 68, saa nzima. Kuzisaga sio lazima. Na kama bado unatumia shira basi chukua flekisi na kimea cheupe kilichosagwa, uzito sawa kwa sawa, viloweke pamoja kwenye joto hilo hilo dakika 45 hadi 60, ndo uongeze shira baadaye.

Kuchemsha kupo, ila ni kwa nafaka mbichi. Mahindi mabichi wanga wake haufunguki vizuri mpaka upite nyuzi 70, mchele kuna aina zinadai zaidi ya 80, wakati mashi yako iko 65, sasa ukitia punje mbichi umetia changarawe. Hapo unapika kwanza mpaka ziive kabisa, unaacha joto lishuke ndo unachanganya na kimea. Oti zile zilizokatwakatwa tu bila kubonyezwa nazo zipike. Za kubonyezwa, hata zile nyembamba za kuiva haraka, zinaingia moja kwa moja, ila soma pakiti isiwe na sukari au chumvi au sijui ladha ya nini.

Sasa kwanini nasema usimwage kilo 2. Kwenye hesabu yako hiyo ni karibu asilimia 31 ya nafaka zote, na mi niliwahi kupiga asilimia 30 na ushee. Mashi ikawa gundi. Nafungua koki, matone matatu, kimya. Nikakoroga, nikapuliza kwa mpira kutokea chini, nikakoroga tena, masaa yanaenda na joto linashuka, na kadiri linavyoshuka ndivyo inavyozidi kuganda. Mwisho nilichota kwa jagi nikachuja kwenye kitambaa kidogo kidogo mpaka usiku. Shida ni mbili zinakuja pamoja: oti ina betaglukani nyingi, hiyo ndo inayoleta ule utelezi, na flekisi haina maganda. Maganda ya kimea ndiyo chujio lako, ukiyapunguza na hapo hapo ukaongeza utelezi umeziba mwenyewe.

Dawa niliyokuja kuijua baadaye ni maganda ya mpunga, unasuuza gramu 200 hadi 400 kwa mkupuo kama wako unachanganya humo, hayana ladha yoyote kazi yake ni kuacha njia. Koki ifunguliwe kidogo sana mwanzoni, watu wengi wanaifungua yote kitanda cha nafaka kinajikandamiza ndo basi. Na kabla ya kuchuja pandisha joto mpaka 75 au 77, utelezi unapungua. Wengine wanapumzisha mashi kwanza kwenye nyuzi 40 hadi 45 dakika 15 au 20 ili betaglukani ivunjwe, inasaidia kweli, lakini mi nafanya hivyo nikivuka asilimia 20 tu, chini ya hapo naona ni kujipa kazi. Na ukisikia rai (nafaka ile ya rye) ndo usicheze nayo kabisa, inanata kuliko hata oti.

Kuhusu nguvu ya kimea cha kugeuza wanga usiogope. Nguvu hiyo inapimwa kwa Lintner, kimea cheupe kingi kiko 100 na zaidi, na inatakiwa wastani wa mashi nzima usishuke chini ya 35 hivi. Chukulia chako ni 120, kilo 4 mara 120 ni 480, gawanya kwa kilo 5.1 za nafaka zote unapata kama 94, umepita mbali. Ila kama ungekuwa na kimea cha Munich (kilichokaushwa kwa joto zaidi, kina rangi kuliko cheupe) peke yake chenye kama 40, kilo 4 ni 160, gawa kwa hizo hizo 5.1 unapata 31, hapo wanga utabaki. Shayiri iliyokaangwa usiihesabu, yenyewe ni sifuri, na kwa taarifa yako nayo haikuoteshwa, kwa iyo tayari una nafaka ya ziada kwenye bia yako na hujui.

Mi kwa stauti ningetia oti gramu 600, kama asilimia 12. Hapo ulaini unaonekana mdomoni na koki haikugomei. Au ugawe, oti 300 na flekisi za shayiri 300, maana kwa uzoefu wangu povu la kudumu linaletwa na shayiri kuliko oti. Oti ina mafuta, na mafuta na povu ni maadui. Wapo watakaobisha hapa, wabishe, mi nimepika zote mbili bega kwa bega.

Mahindi na mchele kwa stauti yako acha, vinafanya kinyume na unachotaka. Vina wanga mwingi na protini ambayo karibu haifiki kwenye bia, kwa iyo bia inakuwa nyepesi, kavu na angavu. Ndo maana Wamarekani wa karne ya 19 walivipenda, shayiri yao ya mistari sita (suke lenye safu sita za punje) ilikuwa na protini nyingi, bia zao za laga zikawa na ukungu, wakaipunguza makali kwa mahindi na mchele. Sio ujanja wa kubania tu kama watu wanavyodhani. Halafu ile harufu ya mahindi yaliyochemshwa ambayo watu wanaisingizia flekisi za mahindi, mara nyingi inatoka kwenye kimea chenyewe, hasa kimea cheupe sana, ukichemsha na mfuniko juu inarudi ndani badala ya kutoka na mvuke. Nilihangaika na hii mikupuo miwili nikaacha kabisa mahindi kumbe kosa ni mfuniko.

Na mdau aliyekujibu kwamba bia halisi ni kimea, maji na hopsi (maua ya kutia uchungu) basi, anaongelea sheria ya Bavaria ya mwaka 1516. Sawa, ila Uingereza iliruhusu sukari 1847 na nafaka zisizooteshwa 1880, na Wabelgiji bia zao za ngano zinatumia ngano isiyooteshwa hadi karibu nusu ya nafaka. Kila mtu na bia yake.

Sasa utamu. Oti haitakupa utamu, inakupa ulaini, watu wanachanganya sana hivi vitu viwili. Sukari ya kawaida ndo haitakupa kabisa, hamira inaimaliza yote, inabaki alkoholi na bia iliyokonda. Inafaa kwenye zile bia kali za Kibelgiji za rangi ya dhahabu, asilimia 10 hadi 20, sio stauti ya kulainisha. Ukitaka utamu unaobaki tia laktosi, sukari ya maziwa, hamira ya bia haiwezi kuila. Gramu 300 kwa lita 20 zinatosha kuanzia, weka dakika 10 za mwisho za kuchemsha. Ila mwambie kila unayemkaribisha, kuna watu maziwa yanawachafua tumbo, na hakuna anayetegemea maziwa ndani ya bia. Mi nilisahau kusema mara moja na shemeji yangu bado ananikumbusha.

Kwa iyo kimea kilo 4, shayiri iliyokaangwa nusu kilo, oti gramu 600, nyuzi 67 saa moja. Kabla ya kuchuja chota tone la maji yake bila punje weka kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini, likigeuka bluu nyeusi wanga bado upo, ongeza dakika 15. Stauti ni nyeusi tayari utasumbuka kuona, ndo maana mi shayiri iliyokaangwa naitia dakika za mwisho baada ya kupima.

Hiyo oti kilo 1.4 inayobaki ifunge isipate hewa wala unyevu na usiiweke miezi na miezi, yale mafuta yake yanaharibika. Kabla hujaitumia tena nusa. Ikiwa poa, ijaribu kuikausha kwenye oveni nyuzi 150 hivi huku unageuza mpaka inukie biskuti, iache siku chache ndo uitie kwenye mkupuo unaofuata. Ikinuka kama mafuta ya zamani wape kuku.