Friji la chanjo, kitanda cha kuzalishia na barua za kuomba msaada: tuanzie wapi?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni katibu wa kamati ya afya ya shehia yetu, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Kituo chetu ni kidogo, kina wauguzi wawili, umeme unakatika ovyo, na mja mzito akishikwa na uchungu usiku tunahangaika kutafuta gari. Wenzetu walioko Muscat na London wamechangishana, wanataka kutununulia friji la chanjo na kitanda cha kuzalishia, na kutuletea masanduku ya dawa. Sisi huku tunataka kuyaandikia mashirika. Ni yapi yanayosaidia, na tuanze na nani?

JIBU: Waalaikum salaam Bi Katibu. Anzeni na Daktari Dhamana wa Wilaya, yaani msimamizi wa afya wilayani, kabla ya shirika lolote. Kituo ni cha Wizara ya Afya, na kila kinachoingia mle kinataka mtu wa kukitumia na fungu la kukitengeneza kikiharibika. Mfadhili hununua akaondoka. Fundi, vipuri na mshahara vinabakia kwa Wizara. Ndiyo maana shirika lolote la maana litakuulizeni mwanzo kama wilaya ina habari. Barua yenye saini ya sheha na mkuu wa kituo, imepita wilayani, na nakala amepelekewa Afisa Mdhamini wa Wizara ya Afya Pemba, ina pa kuanzia. Ya kamati peke yake haina.

Sasa friji. La nyumbani msilinunue hata mkiuziwa nusu bei. Chanjo za watoto kituoni hukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi wetu tunaogopa joto tu, kumbe ziko chanjo, kama ya pepopunda na ya homa ya ini B, ambazo baridi ikizidi ndiyo balaa: ikiganda mara moja imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona vilevile. Na friji la dukani halina baridi moja. Kule nyuma karibu na ukuta panagandisha, mlangoni joto linapanda kila ukifungua kutoa kichupa. Mtoto atachomwa sindano, kadi itaandikwa, na kinga hana.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya mafriji yaliyopimwa na kukubaliwa kwa kazi hii. Kwa pahala penye umeme wa kubabaisha kama kwenu, iko aina ya sola inayokwenda moja kwa moja kutoka kwenye paneli hadi kwenye kompresa, bila betri. Mchana inagandisha maji yaliyomo ndani yake, na barafu hiyo ndiyo inayolivusha usiku na siku za mawingu. Mimi naipenda kwa sababu moja: katika sola za vijijini betri ndiyo inayokufa mwanzo, na humo haimo. (Najua Pemba tuna waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, lakini wewe mwenyewe umeshasema umeme unakatika.)

Hata hilo, lakini, si la kununua nyinyi. Chanjo na mafriji yake hupita kwenye mpango wa chanjo wa Wizara, ambao UNICEF na Gavi, muungano wa chanjo wa kimataifa, wanausaidia. Muulizeni mhusika wa chanjo wilayani kama kituo chenu kimo kwenye mgao, na kama hakimo, kwa nini. Na kama friji lipo tayari, itazameni ile karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni. Joto linasomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Mkikuta mwezi mzima umejazwa 4, 4, 4 kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, jueni tatizo lenu si friji.

Masanduku ya dawa wayaache huko huko. Kuingiza dawa Zanzibar kunataka kibali cha Wakala wa Chakula na Dawa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya misaada unataka dawa ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kumaliza muda wake. Paketi nusu nusu kutoka makabati ya London zitampotezea muuguzi siku nzima kuzichambua, kisha kuziteketeza nako kuna utaratibu na gharama. Dawa za kituo zinatoka Bohari Kuu ya Dawa. Zikiwa hazitoshi, fungueni leja ya stoo muone oda ya mwisho ilipelekwa lini na iliombwa kiasi gani.

Kwenye mashirika, la karibu zaidi na ombi lenu ni Milele Zanzibar Foundation, ambao wanafanya kazi za afya na elimu vijijini, Unguja na Pemba. Wa London huenda wakakutajieni HIPZ, shirika la hisani la afya la Uingereza. Kazi yao ilijengeka hospitali za Makunduchi na Kivunge, Unguja, kwa hivyo msipoteze bahasha. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa 2000 kwa msaada wa Wataliano, haitoi vitanda: ni watu wa utafiti na uchunguzi, na kama watoto wenu wanakojoa damu, kichocho ndiyo fani yao. Wachina nao, ambao madaktari wao wa Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu 1964, na walioijenga upya Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani iliyofunguliwa 2016, wanazungumza na Serikali, si na shehia.

Kitanda cha kuzalishia: je, kituo chenu kinaruhusiwa kuzalisha? Katika mpangilio wetu, kituo cha daraja la kwanza hakikukusudiwa kuzalisha; la pili ndilo lenye huduma ya uzazi na maabara. Na wauguzi wawili hawawezi kushika zamu ya saa 24, mmoja akenda likizo ndiyo basi. Kitanda kitakuja kuwekewa maboksi.

Ningekuwa na fedha zile ningeweka tangi la maji na taa za sola kituoni, iliyobaki ikaenda kwenye safari. Iko huduma ya m-mama, ya kuwasafirisha waja wazito wenye dharura: mtu anapiga simu ya bure, mpokezi anauliza hali ya mama, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha. Muulizeni Daktari Dhamana madereva wa shehia yenu waliosajiliwa ni nani. Kama hakuna, sheha apeleke majina ya wenye gari nzima na wanaopokea simu saa nane za usiku. Wale wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita majumbani na simu zao za kazi, wanawajua waja wazito wote wa shehia. Waombeni wahakikishe namba ya m-mama imeandikwa kwenye kadi ya kliniki ya kila mmoja, na mume anayo kwenye simu yake.