Kabla hujalipa kodi ya nyumba, kakague mtaa usiku

Pole ndugu, nimekuelewa: nyumba umeipenda, kodi nafuu, ila mmoja anakwambia mtaa umetulia mwingine anasema wezi kila siku. Wote wanaweza kuwa wakweli, maana wizi hausambai sawasawa, unakuta njia moja inasumbua na ya pili yake watu wanalala fresh kabisa.

Takwimu za polisi zisome ila usizimeze nzima, matukio mengi hayaripotiwi, na eneo lenye stendi au soko litaonekana baya kwa sababu watu wengi wanapita pale, sio kwamba majumbani ndo kunaibiwa.

Mi ningeenda mwenyewe saa mbili tatu usiku, na usiende peke yako. Angalia taa zinawaka au nguzo zimesimama tu, watu wanatembea na simu mkononi au wote wameficha, madirishani nondo ni za zamani au kila nyumba imechomelea mpya mpya (hiyo mpya ndo inaongea, huenda wezi wamepita). Muulize muuza duka, dalali achana naye, anataka chake.

Halafu uliza kama nyumba hiyohiyo iliwahi kuvunjwa karibuni. Wezi hurudi palepale, hasa wiki za mwanzo baada ya kuvunja, so mwambie mwenye nyumba abadilishe vitasa kabla hujalipa, akigoma tafuta kwingine.

Na ukishahamia ukakuta mlango umevunjwa usiingie, mwizi anaweza kuwa bado ndani, kaa mbali uwapigie simu polisi.