Bafa hiyo inashikwa na nani? Kwa wadogo zangu mnaoanza kuandika draiva

Wiki hii nimepitia draiva za Linux (programu za ndani ya kerneli zinazoendesha vifaa) za vijana watatu hapa Mbeya. Wote watatu wametenga bafa (kipande cha memori cha kuwekea data) kwa vmalloc, wakageuza anwani yake kuwa anwani halisi ya RAM kwa virt_to_phys, wakaisukuma kwenye remap_pfn_range ili programu ya mtumiaji iione. Watatu! Nawapenda, wadogo zangu, ila kosa hili nimelisahihisha mpaka nimechoka kulisema kwa mdomo. Leo naliandika.

1. Peji (vipande vya memori) za vmalloc ni kama mashamba ya mtu mmoja: kwenye daftari yanafuatana, lakini moja liko Uyole, jingine Igurusi, jingine Tukuyu. virt_to_phys hailijui hilo, inakupa anwani ya uongo. Tenga kwa vmalloc_user, kisha mapu, yaani ionyeshe kwa programu, kwa remap_vmalloc_range. Na mnapojenga kerneli washeni swichi ya CONFIG_DEBUG_VIRTUAL, itawapigia kelele kabla yangu.

2. Pima vma, yaani eneo la anwani ambalo programu imeomba, kabla ya kumapu. Ikizidi bafa yako, rudisha -EINVAL (kosa la ombi batili), la sivyo programu ya mtu itasoma memori ya kerneli isiyoihusu. vm_pgoff, yaani ombi linaanzia peji ya ngapi, nayo ikaguliwe.

3. Rejista za kifaa zifikieni kwa ioremap, kisha zisomeni kwa readl na kuziandika kwa writel. Pointa tupu hapana.

4. DMA, yaani kifaa kusoma na kuandika RAM chenyewe bila kupitia prosesa. Hapa nakaa, maana hapa niliumia.

Tulikuwa tunafunga mashine ya kuchambua parachichi kwenye banda moja la Njombe. Kamera inapiga picha ya kila tunda, kadi inaimwaga kwenye bafa, programu inasoma na kuamua: tunda safi kulia, lenye kovu kushoto. Picha ya kijivu, pikseli 640 kwa 480, yaani baiti 307,200, peji 75 kamili za baiti 4,096. Nikatenga kwa kmalloc, nikaita dma_map_single, inayoikabidhi kadi bafa, mara moja draiva inapowaka, nikazimapu peji kwa programu, basi. Mezani kwangu Uyole, kwenye kompyuta ya x86, ilizunguka wiki mbili bila dosari. Nikahamishia kila kitu kwenye bodi ya ARM, nikapanda basi, Makambako, Njombe.

Siku ya kwanza mashine ikaanza kutupa matunda mazuri kushoto. Nikalaumu taa. Nikabadili waya wa kamera. Nikalaumu umeme, nikalaumu baridi. Siku tatu kreti za wakulima zinashushwa daraja kwa sababu ya draiva yangu, na mimi nimeshika bisibisi. Aliyeona ni mama mmoja mchambuzi, alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama skrini. "Mwanangu," akasema, "hili limevaa ngozi ya lile lililopita."

Nikaikuza picha. Kweli, kovu la tunda lililopita lilikuwa limekatwa vipande na kukaa juu ya tunda safi. Nikahesabu. Kila kipande upana wake pikseli 64, na kinaanzia kwenye nafasi inayogawanyika kwa 64. Pikseli moja baiti moja, na mstari mmoja wa kashe (memori ndogo ya haraka inayoweka nakala za RAM) wa prosesa ile ni baiti 64. Tumbo likanikaza. Kadi ilikuwa inaandika picha mpya kwenye RAM, na prosesa inasoma nakala ya zamani iliyobaki kwenye kashe. x86 hulinganisha kashe na DMA yenyewe, ndiyo maana Uyole sikuona kitu. Bodi ile hungoja draiva iseme, na mimi sikusema.

Nikakimbilia dma_alloc_coherent, inayotenga memori ambayo prosesa na kadi huiona sawa muda wote. Makovu yakatoweka, lakini kwenye bodi ile memori hiyo haipiti kwenye kashe, na programu inayosoma kila pikseli mara kadhaa ikawa nzito mpaka matunda yanapita bila kuamuliwa. Nikarudi kwenye dma_map_single, safari hii na dma_sync_single_for_cpu kabla programu haijasoma, na dma_sync_single_for_device kabla ya kuirudishia kadi bafa. Mistari miwili. Asubuhi yake tukazirudisha kreti zote kwenye mkanda, moja moja, yule mama akihesabu.

5. Kwa hiyo dma_alloc_coherent iwekeeni vitu vidogo vinavyoguswa na pande zote mbili muda wote, kama pete ya deskripta (orodha ya mzunguko inayoiambia kadi bafa ziko wapi). Ukitaka programu iione, dma_mmap_coherent ipo.

6. CONFIG_DMA_API_DEBUG itawakamata mkiacha kukagua kwa dma_mapping_error kama kumapu kumeshindikana. Sync mliyoisahau haitawaambia.

Ninyi watatu, fungueni tena faili zenu. Juu ya kila bafa andikeni nani anaishika, prosesa, kadi au programu, na kwa zamu ipi, ndipo mchague funksheni. Jumamosi nipo Uyole kuanzia saa tatu. Njooni na bodi zenyewe, laptop ziacheni nyumbani.