Kila nikipimwa, taifodi

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Naishi Pipeline, Embakasi. Tangu Januari, kila nikisikia mwili mzito na kichwa kuuma, naenda kliniki ya mtaani, wanatoa damu kidogo, na kabla sijakaa vizuri kwenye benchi naambiwa ni taifodi. Nimeshameza ciprofloxacin mara tatu. Juzi wameandika tena 1:160 na wanataka kunichoma sindano. Mbona huu ugonjwa hauishi? – Mama Shiru

JIBU: Pole sana, Mama Shiru. Mimi ni mfamasia, na vyeti kama chako naletewa dirishani kila wiki. Vinanisikitisha.

Kipimo hicho ni Widal, cha tangu 1896. Majimaji ya damu yako hudondoshwa juu ya kioo, yakachanganywa na kimiminika chenye vijidudu vya taifodi vilivyokwisha kuuawa, kisha kioo kinatikiswa polepole huku mtu wa maabara akitazama kama kutatokea chembechembe zilizogandana. Zikitokea, anaandika 1:80, 1:160 na kadhalika. Lakini kinachopimwa pale si vijidudu vilivyo mwilini mwako. Ni kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupigana na vijidudu, nayo hubaki mwilini miezi mingi baada ya mtu kupona, au baada ya chanjo. Hata malaria inaweza kupotosha kipimo hiki. Kwa hiyo 1:160 peke yake haithibitishi taifodi, na kurudia Widal ili kujua kama umepona hakusaidii.

Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu, yaani damu huwekwa maabara ili vijidudu vilivyomo vikue na kuonekana. Huchukua siku kadhaa na bei yake iko juu, lakini kinaonyesha kijidudu chenyewe na dawa inayokiua. Damu itolewe kabla hujameza antibiotiki yoyote.

Ciprofloxacin nayo ni antibiotiki, na si ya kuzoea. Inaweza kudhuru kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino, na vijidudu vinaizoea. Ukiimeza pamoja na maziwa, dawa ya kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, haiingii mwilini inavyotakiwa.

Sindano isubiri daktari akuangalie upya. Umepimwa presha? Wingi wa damu? Mimba? Na kama ulisafiri Kisumu au Busia hivi karibuni, malaria? Uchovu unaokuja na kuondoka una sababu nyingi. Ila ukiwa na homa inayopanda siku baada ya siku, tumbo linauma sana, unatoa choo chenye damu au unachanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mama Lucy Kibaki haiko mbali nawe.

Beba vyeti vyote na maganda ya dawa ulizomeza, na kabla hujalipia maabara uliza: “Hapa mnaotesha damu, au ni Widal tu?”