Tashbihi na sitiari zinanichanganya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko sekondari, kila nikipewa shairi nichambue nachanganya tashbihi na sitiari, na swali la nafsineni ndo linanimaliza kabisa. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijione mjinga, hapo wanajikwaa wengi sana. Chukua sentensi "Babu ni kama mwamba", kuna neno la kulinganishia hapo, kama, ingeweza pia kuwa mithili ya au ile ja ya kwenye mashairi, basi hiyo tashbihi. Sasa toa kama, sema "Babu ni mwamba", umemfanya mwamba moja kwa moja, hiyo sitiari. Ila angalia, "kama utakuja niambie" siyo tashbihi, hapo ni sharti tu, hakuna kinacholinganishwa. Tashihisi ni kukipa kitu tabia ya mtu, mfano "mlango ulilalamika nilipousukuma".

Nafsineni ndo nataka uielewe vizuri. Ni yule anayeongea ndani ya shairi, siyo lazima awe aliyeliandika. Mshairi mwanaume anaweza kabisa kuandika "Nakulilia mwanangu, niliyekubeba tumboni", anayenena hapo ni mama, ukijibu kwamba ni mshairi umepoteza maksi bure. Hilo neno niliyekubeba pamoja na tumboni ndo ushahidi wako, yanukuu kwenye jibu. Kwa kweli huwa naumia nikisahihisha nakuta mtu kataja istilahi sahihi kabisa halafu hajatoa hata mshororo mmoja wa mfano.