Mbwa mdogo ana chonge mbili mbili, ang'olewe au aachwe? Maswali yenu ya wiki hii

Haya jamani, meseji za meno zimejaa, na karibu zote ni za hawa mbwa wadogo wa ndani, Maltese, Pomeranian, Chihuahua na machotara wao ambao siku hizi Mbeya mjini utawakuta mpaka dukani wamekaa juu ya kaunta. Nimechagua chache, majina nimeyaacha, maswali marefu nimeyafupisha.

Dokta habari, nina kabinti ka Pomeranian chotara, kanakaribia miezi sita. Juu kana chonge mbili kila upande, moja nyembamba yenye ncha kali na moja nene imetokea mbele yake. Jirani anasema nikape mifupa zitang'oka zenyewe. Nisubiri? (Dada wa Uyole)

Usisubiri sana dada. Ile nyembamba ya nyuma ndiyo ya utoto, hiyo nene ya mbele ndiyo ya ukubwani, na kwa kawaida ya ukubwani ikianza kutoka ya utoto inakuwa imeshalegea au imeshadondoka kabisa, kwa sababu mzizi wake unaliwa taratibu huko ndani ya mfupa. Kwa mbwa wadogo mara nyingi hilo halitokei vizuri, mzizi unabaki mzima, basi meno mawili yanagombania nafasi moja, na wewe mtu wa Uyole unajua mahindi mawili yakibanana shimo moja yanavyokuwa. Chonge ya juu inasukumwa mbele, inakula ile nafasi ambayo chonge ya chini inatakiwa ikae akifunga mdomo. Halafu katikati ya hayo meno mawili chakula kinanasa, nywele zinanasa, ukoga unajaa, ufizi unavimba, na mbwa hana hata mwaka tayari mdomo unanuka.

Kanuni yangu ni hii: jino la ukubwani likishachomoza kwenye ufizi na la utoto bado limesimama imara pembeni yake, la utoto litoke. Ligusie kwa kidole (mikono safi, mbwa ametulia), kama linacheza cheza mpe wiki moja mbili lidondoke lenyewe. Kama limekaza kama msumari, weka miadi na daktari. Mifupa haitasaidia kitu, na ile iliyopikwa ndiyo mbaya zaidi, inapasuka vipande vyenye ncha na inavunja hata yale meno mazuri.

Wangu ana miezi minne, nimeona damu kidogo kwenye kandambili anayoing'ata na jino la mbele halipo. Anaumwa? (Kihesa, Iringa)

Haumwi, anabadilisha meno. Ya utoto ni 28, ya ukubwani yatakuwa 42, na yale madogo ya mbele ndiyo yanaanza kutoka kwenye miezi mitatu minne, chonge zinafuata miezi mitano sita, magego ya mwisho mpaka miezi saba hivi. Mengi anayameza wala huyaoni. Ila mnyang'anye hiyo kandambili, akimeza kipande cha raba utakuja na swali lingine kabisa.

Shikamoo dokta. Baba mdogo anasema hana haja ya hela ya daktari, atamng'oa na plaizi, watoto wake wote aliwang'oa na uzi na wamekua. Mbwa ni Maltese wa miezi saba, chonge zimebaki chini. (Tukuyu)

Marahaba. Mwambie baba mdogo kwa heshima zote aiweke plaizi chini, tena haraka.

Jino la mtoto la kung'oa na uzi ni lile ambalo limeshalegea, mzizi umekwisha. Chonge ya utoto ya mbwa iliyogoma kutoka ni kinyume chake, mzizi upo wote, ni mwembamba, umepinda, na ni mrefu kuliko hicho kipande mnachokiona nje. Ukiukamata na plaizi ukazungusha unakatika, nusu inabaki ndani ya mfupa, pale panaoza, na jino zuri la ukubwani liko hapo hapo pembeni linaweza kuharibika nalo. Nimeshaletewa mbwa wa hivyo, mwenye mbwa alikuja kuokoa hela ya kung'oa akaishia kulipia kutafuta kipande cha mzizi, ambayo ni kazi ndefu zaidi. Daktari halivuti jino, analilegeza kwanza pole pole kuzunguka ufizi na kifaa chembamba mpaka linaachia lenyewe, na mbwa amelala usingizi muda wote huo.

Na kuna hatari ya baba mdogo mwenyewe. Mbwa anayeumizwa mdomoni atang'ata hata mtu anayempenda. Ikitokea, kidonda kioshwe na maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Sasa kwako nasisitiza kwa sababu umesema chini. Hizi za chini ndizo zinazonipa haraka kuliko zote. Chonge ya ukubwani ya chini inatokea upande wa ndani wa ile ya utoto, kwa hiyo ya utoto isipotoka inaizuia huko huko ndani, mbwa akifunga mdomo ncha inachoma kaakaa la juu. Mfungue mdomo mchana au na tochi ya simu, angalia juu kama kuna kishimo au kidonda. Ukiona hivyo usingoje mwisho wa mwezi. Ikitolewa mapema jino la ukubwani mara nyingi linasogea lenyewe kwenda sehemu yake, ukichelewa linagandia pale na dawa yake inakuwa shughuli nyingine.

Mimi naogopa hiyo dawa ya usingizi. Wangu ana kilo mbili tu, daktari kashauri ang'olewe siku moja na kufungwa kizazi. Nipo Mafinga, itabidi nimpeleke Iringa. (Mama wa nyumbani)

Kwanza wazo la daktari wako ni zuri, usingizi mmoja kazi mbili, na miezi sita ndio muda ambao wengi wanafungwa kizazi na ndio muda ambao chonge zimeshajionyesha. Lakini tuelewane, kama ni chonge za chini na zinachoma juu, sitazisubirisha kwa ajili ya kizazi.

Woga wako una maana, sikubezi. Mbwa wa kilo mbili ana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza sukari. Hawa wadogo wakikaa na njaa muda mrefu sukari inashuka, wanatetemeka, wanalegea. Kwa hiyo ile ya "asile tangu jana mchana" usimfanyie, muulize daktari saa kamili ya mlo wa mwisho, kwa wadogo huwa ni masaa machache tu. Beba asali, ukiona kabla ya kazi analegea mpake kidogo kwenye ufizi na umwambie daktari. La pili baridi. Akiwa kwenye usingizi mwili wake unapoteza joto haraka, na akiamka umrudishe kilomita kama 80 mpaka Mafinga mwezi wa saba na dirisha la basi halifungi, hapana kwa kweli. Nenda asubuhi na mapema, ukiweza lala Iringa kwa ndugu, beba blanketi na chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kitambaa, isimguse ngozi.

Mengine ya kuuliza kabla hujalipa: atampima uzito na kumsikiliza moyo kabla? nani atamwangalia akiwa amelala? ana eksirei ya kuona mizizi? Sio kila kliniki inayo, na kutokuwa nayo haimaanishi daktari ni mbovu, ila jino likikatika ndiyo itakayoonyesha kipande kiko wapi. Na hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kijana wa agroveti anayechanja kuku vizuri sana sio mtu wa kumlaza mbwa wako usingizi.

Wa kwangu ana miaka minne na meno mawili mawili tangu utoto, anakula ugali na dagaa vizuri tu. Si aachwe? (Njombe)

Kamwene! Kula vizuri hakuniambii kitu, mbwa anakula hata jino limeoza. Inua mdomo uangalie katikati ya hayo meno. Kwa miaka minne nategemea kukuta ugaga wa kahawia na ufizi mwekundu, na kama upo hivyo atolewe siku ya kusafishwa meno. Kama ufizi ni wa pinki, hakuna harufu, hakuna linalogusa lingine vibaya, sitakukimbiza kama ninavyomkimbiza wa miezi sita, lakini mwonyeshe daktari atakapokuja kuchanjwa. Ikionekana kazi ni ngumu, Morogoro pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kuna hospitali ya wanyama, ni mbali, najua.

Nataka kumzalisha dume langu, chonge mbili za utoto hazikutoka zenyewe, zilishang'olewa. Kuna shida? (Forest)

Hili tatizo linatembea kwenye ukoo. Kung'olewa kumemtibu yeye, watoto wake bado wanaweza kulirithi. Mimi nisingemzalisha. Na anayekuja kununua mtoto mwambie ukweli.

Ameng'olewa jana, analia usiku, nimpe Panadol au Diclofenac nusu? Na anakula nini? (Mbalizi)

Usimpe hata robo! Diclofenac na ibuprofen zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa, Panadol inaharibu ini na damu. Kama umeshampa, mpigie daktari sasa hivi, usisubiri dalili. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo, inapimwa kwa uzito wake, na kama hukupewa jana rudi ukaidai, kung'oa jino bila dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani ni kazi nusu.

Chakula kiwe laini kwa wiki mbili, ugali uliolainishwa na supu ya nyama isiyo na kitunguu wala chumvi ni sawa kabisa. Hakuna mifupa, hakuna kuvutana kamba na watoto. Nyuzi alizoshonwa nyingi zinayeyuka zenyewe, usizivute. Damu kidogo kwenye mate siku ya kwanza ni kawaida, lakini uvimbe unaozidi baada ya siku tatu, usaha au kukataa kula, mrudishe. Kidonda kikishapona ndio uanze mswaki, ule laini wa mtoto na maji matupu, sio dawa yetu ya meno maana yeye hatemi, anameza yote.