Semina ya nyota huku Kano: darubini iwe ya mwisho

Kuna mwalimu wa Budalang'i, huko Busia, ameniandikia wiki hii akiuliza tuliwezaje kukusanya walimu wa huku Kano, karibu na Kisumu, wasome mambo ya nyota na juzijuzi tu mto Nyando ulikuwa umefurika hadi madarasani. Nilifurahi, maana kuna mfadhili mmoja, simtaji, aliniambia watu wa mafuriko wanataka unga na mablanketi, nyota wataangalia wakishiba. Hiyo kauli bado iko kwa roho. Unga sawa, lakini Jumatatu mwalimu anaingia darasani kufundisha na nini, na vitabu vimeoza?

Jibu langu kwake ni hili. Lipa nauli ya walimu na upike. Mtu ana tope sebuleni hawezi kujilipia boda hadi Ahero. Na usiite semina Aprili, mvua ndefu italeta maji na mawingu pamoja. Sisi tulichukua Januari, mwezi ukiwa ndio umeandama.

Asubuhi tulisimamisha kijiti uwanjani tukawa tunapima kivuli, wote wakaapa kitakuwa kifupi kabisa saa sita kamili. Wapi! Kiliendelea kufupika hadi ikabaki kidogo saa saba. Saa ya Kenya inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita huko Somalia, na Kisumu iko karibu nyuzi 35, kila nyuzi moja ni dakika 4, so jua linatufikia likiwa limechelewa kama dakika 40, zingine zikaongezwa na msimu. Kelele iliyokuwa hapo!

Jioni wakauliza mbona mwezi mchanga vitabuni unachorwa umesimama na huku umelala kama mtumbwi. Ni kwa sababu tuko karibu na ikweta, waliochora wako kaskazini. Mwalimu amefundisha miaka yote picha ya anga ya wenyewe! Hapo ndio nawaambia nyinyi mnaoandaa hizi semina, acheni kuja na huruma, njooni na swali. Aliyefurika bado ana akili. Nasema tena, aliyefurika bado ana akili.

Darubini ya kuazima ilitoka mwisho kabisa, tukaona Mshtarii (Jupiter) na miezi yake minne mikubwa kabla mawingu ya ziwa hayajafunga. Mchana ilikaa kwa boksi, mtu akiielekeza kwa jua jicho limeenda.

Mwalimu wa Budalang'i, wewe ongea na chifu mapema kuhusu usiku, panga gari la kuwarudisha watu, kina mama hasa, na msikae karibu na maji, huko kwenu viboko hutoka kula giza likiingia.